Mguu wa Kulia, Mguu wa Kushoto

Nilimkuta mama kibarazani, Ngamiani, mjini Tanga, saa kumi jioni, amekaa mkekani na miguu ameinyoosha mbele. Pembeni yake palikuwa na kinu kidogo cha kutwangia iliki, kifuu chenye mafuta ya nazi yaliyochafuka kwa unga mweupe, na mwiba. Mwiba wa mkonge, ule wa kwenye ncha ya jani, mweusi, mgumu, urefu wa pingili ya kidole. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amepiga magoti mbele ya bibi yake, kaushika mwiba kwa vidole viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo, usimsemeshe mtoto." Akamgeukia mjukuu wake. "Haya, choma."

Mtoto akachoma. Mama alikuwa amefumba macho.

"Ushachoma?"

"Nishachoma, bibi."

"Sijasikia kitu!" Akafumbua macho, akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu tumzike baba. "Umeona? Mguu huu nimeupaka dawa. Hausikii kitu!"

Mimi nilikuwa naangalia unyayo wake. Palikuwa na tone la damu, dogo kama punje ya mtama, na lilikuwa linakua.

Hii ni wiki ya saba tangu siku ile, na bado sijaacha kuifikiria.

Vidonge vya usiku

Mwenye mzazi wa kisukari hahitaji kuelezwa miguu inayowaka moto ni nini. Ya mama ilianza vidoleni, ikapanda hadi vifundoni. Usiku alisema ni kama kakanyaga majivu ya moto, na shuka likimgusa kidole anashtuka usingizini. Kliniki wakamwandikia amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja kabla ya kulala. Akaviita vidonge vya usiku.

Moto ulipungua kweli. Lakini mdomo ulikauka hadi tende ikawa haimezeki. Asubuhi aliamka mzito. Alfajiri moja aliinuka haraka kwenda kutawadha, kichwa kikazunguka, akajigonga kwenye mlango wa choo.

Halafu mpwa wangu, anayesoma chuo, akachukua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi akaisoma kwa sauti mbele ya watu sebuleni. Dawa ya sonona.

Mama alinyamaza. Jioni akaniuliza, "Kumbe wananitibu wazimu na hawaniambii?"

Hakuna aliyekuwa amemweleza. Dawa ile kweli ni ya sonona, imetumika tangu mwaka 1961, lakini kwa kipimo kidogo hutuliza maumivu yanayotoka kwenye mishipa ya fahamu yenyewe, na kwa kazi hiyo huandikiwa watu wengi wasio na sonona hata kidogo. Sentensi moja tu hiyo ingetosha pale kliniki. Haikusemwa, na mama akaacha kumeza.

Ila hakuvitupa. Alivifunga kwenye kona ya kanga na akawa anawaza.

Mawazo yake alinieleza jioni ile ya mwiba, na nayaandika hapa kama alivyoyasema: "Kinachouma ni mguu. Dawa naimeza, inapanda kichwani inanilaza, inanikausha mdomo, inanizungusha, ndipo ikumbuke kwamba nina mguu. Jino likikuuma, karafuu unaimeza? Si unaibana palepale kwenye jino? Basi na mimi nimeipeleka dawa kwenye mguu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimgombeze. Nikaufunga, kwa sababu nilitafuta kosa kwenye maneno yale na sikuliona.

Waliomtangulia

Nafundisha biolojia sekondari. Mishipa ya fahamu naichora ubaoni kila mwaka. Usiku ule nilikaa na simu mpaka saa nane nikisoma.

Mwaka 1884, Vienna, daktari kijana aitwaye Carl Koller aliona kwamba kokeini inatia ganzi ulimini, akajiuliza itafanya nini kwenye jicho. Alianza na wanyama, kisha yeye na mwenzake wakajidondoshea wenyewe machoni na kugusa mboni kwa kichwa cha pini. Hawakusikia kitu. Mwaka 1943, Stockholm, Nils Löfgren na Bengt Lundqvist walipata lidokaini, dawa ambayo hadi leo daktari wa meno anakuchoma nayo, na Lundqvist aliijaribu mwilini mwake mwenyewe.

Dawa hizo zote zinafanya kazi kwa njia moja. Mshipa wa fahamu una milango midogo inayopitisha chembe za sodiamu. Milango ikifunguka, taarifa ya maumivu inakimbia kutoka kidoleni hadi kwenye ubongo. Lidokaini inaiziba milango hiyo, na taarifa inaishia njiani.

Na amitriptilini inaiziba milango hiyohiyo.

Hapo niliinuka kitandani nikawasha taa.

Mwaka 2001 kundi la Peter Gerner, Boston, lilichapisha matokeo ya kuweka amitriptilini karibu na mshipa mkubwa wa mguu wa panya. Ganzi yake ilidumu kuliko ya bupivakaini, na bupivakaini ni miongoni mwa dawa za ganzi zinazodumu. Wakahamia kwenye ngozi. Mwaka 2003 waliwapaka watu wazima wenye afya, waliojitolea, sehemu kadhaa za mkono, dawa ya nguvu tofauti tofauti, na sehemu mojawapo ikapakwa kimiminika kisicho na dawa kabisa. Aliyepakwa hakujua ni ipi, na aliyechoma hakujua. Kisha wakawachoma na kuwauliza wanasikia nini. Zile za nguvu zaidi zilipunguza maumivu, na ngozi ikawa nyekundu.

Niliisoma habari hiyo nikakiona kibaraza chetu. Kinu cha iliki, kifuu, mtoto aliyepiga magoti. Swali lilikuwa lilelile.

Lakini kulikuwa na kitu kinanisumbua. Ngozi imeumbwa ili vitu visipite. Krimu ya ganzi ya hospitali, iliyotengenezwa kwa lidokaini na prilokaini kwa ajili ya kazi hiyo tu, inatakiwa ipakwe nzito, ifunikwe kwa plastiki, isubiriwe kama saa nzima. Mama alipaka unyayoni, mahali ambapo ngozi ni nene kuliko kote. Na alipaka kwa mafuta. Amitriptilini ya kidonge ni chumvi inayoyeyuka kwenye maji. Kwenye mafuta haiyeyuki kwa maana. Nilikumbuka nilipokiosha kile kifuu jioni: unga wote ulikuwa umetulia chini, mweupe pe, kama tui lililoganda.

Dawa haikuwa imeingia popote.

Sasa mwiba haukusikika kwa nini?

Mguu wa kushoto

Nilipomuuliza kuhusu mguu wa pili alinijibu kana kwamba nauliza jambo la wazi. "Ule nimeupaka mafuta matupu. Nisipoupaka nitajuaje kwamba ni dawa na si mafuta?"

Jambo hilo nalifundisha kidato cha pili, na kila mwaka nusu ya darasa hawalielewi hadi mtihani. Mama aliishia darasa la nne.

"Na ule uliuchoma?"

"Kwa nini niuchome? Haukuwa na dawa. Niumie bure?"

Tulirudia kesho yake, bila mwiba. Nilichomoa njiti kwenye ufagio wa chelewa, nikamwomba afumbe macho na aseme "hapo" kila nikimgusa. Nilianza kwenye goti nikashuka. "Hapo." Kwenye ugoko, "hapo." Chini ya kifundo, akanyamaza. Nikagusa kisigino. Nikagusa katikati ya unyayo. Nikabonyeza njiti kwenye kidole gumba mpaka ikapinda.

Kimya.

"Mbona huanzi?" akauliza.

"Nimeshamaliza, mama. Na huu ni mguu wa kushoto."

Alifumbua macho akautazama mguu wake, kisha njiti, kisha mguu tena. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Muadhini aliadhini magharibi tukiwa bado tumekaa vilevile.

Mguu unaowaka moto usiku ndio huohuo usiosikia mwiba mchana. Nilikuwa nayajua mambo hayo mawili kila moja kivyake na sikuwahi kuyaweka pamoja. Mshipa unaokufa kwa sukari unapiga kelele pasipo na moto, na penye mwiba wa kweli hauleti habari. Kliniki za kisukari zina uzi wa nailoni wa kupima jambo hilo, unaopinda ukibeba uzito wa gramu 10. Ukibonyezwa unyayoni ukapinda na mgonjwa hajasikia, mguu huo uko hatarini: utakanyaga msumari, utatembea nao, na kidonda kitajulikana kwa harufu.

Sisi tuna neno moja, ganzi. Daktari wa meno anakutia ganzi ukamshukuru. Mguu ukifa ganzi unaogopa. Mama alikuwa anaitafuta ile ya kwanza, na kumbe ya pili alikuwa nayo siku nyingi. Alicheka kwa furaha juu ya dalili iliyopaswa kututia hofu sote, na mimi nilikuwa karibu kucheka naye.

Vidonge vilivyobaki nilivifungia kabatini siku ileile, maana vichache tu vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo ya mtoto mdogo hadi yasimame, na nyumbani kwetu watoto hawakosekani.

Kifuu cha pili

Hapa ndipo penye jambo lililoninyima raha.

Mama hakukata tamaa. "Mwiba sisikii, sawa, hilo ni la sukari. Lakini moto wa mguu wa kulia umepungua. Jana nimelala." Akaniomba mimi ndiye nimchanganyie, kwa kuwa ni mwalimu na nitapima vizuri.

Nilikuwa nimeshasoma yaliyofuata baada ya wale waliojitolea wa Boston. Mwaka 2004 watafiti wengine walionyesha kwamba amitriptilini ikiwekwa kwenye mshipa wa panya huuharibu, na kadiri ilivyo kali ndivyo madhara yanavyozidi. Kumpa mtu ambaye mishipa yake inakufa tayari, tena nyumbani, kwa kinu cha iliki, lilikuwa jambo nisiloweza. Ila kumwambia hapana, naye amelala usiku mmoja baada ya miezi, hilo nalo lilinishinda.

Nikamdanganya.

Nilichukua vikombe viwili, nikatia mafuta ya nazi vyote viwili. Kile cha mguu wa kulia nikakikorogea kijiko cha wanga ili kionekane kina unga. Usiku nikampaka mwenyewe, kulia kisha kushoto. Asubuhi nilimuuliza kila mguu unauma kiasi gani, kutoka sifuri hadi kumi, nikaandika nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo.

Siku ya kwanza alisema nane kwa nane. Siku ya tisa mguu wa kushoto ulikuwa saba. Wa kulia ulikuwa nne.

Mafuta yaleyale. Wanga wa dukani.

Ningependa kuandika kwamba kilichomtuliza ni mikono ya binti yake. Nililifikiria hilo na lilinifurahisha kwa siku nzima. Lakini mikono ileile iliupaka na mguu wa kushoto, muda uleule, na mguu wa kushoto uliendelea kuwaka. Kitu pekee kilichotofautiana kati ya miguu ile miwili ni kile mama alichokuwa anakiamini, na alichokuwa anakiamini nilikuwa nimekitunga mimi jikoni.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 92 wenye maumivu ya mishipa. Wengine walipaka krimu ya amitriptilini ya asilimia 2, wengine krimu ya ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji, ya asilimia 1, wengine zote mbili, wengine krimu isiyo na chochote. Baada ya wiki tatu maumivu yalipungua kidogo kwenye makundi yote, na hapakuwa na tofauti kati yao. Mwaka 2008 watafiti wengine wakajaribu ya amitriptilini ya asilimia 5, ikashindwa kuishinda krimu tupu. Njia ile nzuri aliyoifikiria mama, na ambayo watu wa Boston waliifikiria kabla yake, kwenye ngozi yenye afya ilionekana kufanya kazi, na kwa wagonjwa ikagonga mwamba.

Lakini kilichonikaa moyoni si matokeo. Ni kwamba wale watu 92 waliambiwa. Kila mmoja alijua kabla ya kuanza kwamba anaweza kupewa krimu isiyo na dawa, na akakubali.

Binti ya shangazi yangu anaishi Korogwe. Mwanawe aliingizwa kwenye majaribio ya chanjo ya malaria yaliyoanza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Korogwe na Bagamoyo vikiwemo. Nilimpigia simu kumuuliza alielezwa nini. Alikumbuka vizuri. Walimweleza kwamba mtoto anaweza kupata chanjo ya malaria au nyingine, kwamba hatajua ni ipi, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote. Watoto waliokuwa kundi la kulinganisha, wa umri wa miezi 5 hadi 17, walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, yaani hata wao waliondoka na kitu. "Nilikwenda nyumbani nikalala nalo," akaniambia, "nikarudi kesho yake nikasaini."

Mama yangu hakulala na jambo lolote. Sikumpa la kulala nalo.

Na kulikuwa na hili jingine. Alichokasirikia tangu mwanzo, kilichomfanya aache kumeza, ni kupewa dawa bila kuambiwa ni ya nini. Nami nikaja nikamfanyia vilevile, kwa sauti ya upole.

Ijumaa

Nilimwambia Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, watoto wametoka. Niliweka vikombe viwili mbele yake nikamwambia vyote ni mafuta matupu, na huu ni wanga, na nimekuwa nikifanya hivi kwa siku tisa.

Alichovya kidole kwenye kikombe chenye wanga, akakisugua na kidole gumba, akakinusa.

"Siku zote tisa?"

"Zote, mama. Nisamehe."

"Na usiku niliolala?"

"Ulilala kweli. Mafuta ndiyo hayakuwa na kitu."

Alikaa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Ule wa kushoto mbona haukupona?"

Nikamwambia ninavyodhani. Kwamba wa kushoto alijua haupati dawa, akaungojea uwake, ukawaka. Alinitazama kwa muda, nikaona kwamba hajakasirika sana kuhusu mafuta. Kilichomuuma alikisema alipokuwa anainuka kwenda ndani: "Ungeniambia vikombe vyote havina kitu, ningekwambia pakia tu tuone. Mimi ndiye niliyeanza kupima. Ukaninyang'anya."

Siku mbili hakunisemesha ila kwa salamu.

Jumatatu tulikwenda kliniki pamoja. Mama alimweleza daktari yote, kuanzia kinu hadi wanga, kwa mpangilio, na daktari akaacha kuandika akawa anasikiliza. Alimpima kwa ule uzi wa nailoni. Alimweleza kwa nini dawa ya sonona inatuliza miguu, akamshushia hadi miligramu 10, akamwambia ainywe mapema baada ya magharibi badala ya kungoja kitanda, na akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo asimame. Mdomo bado unakauka, si kama zamani. Moto haujaisha. Anasema umekuwa wa mkaa, si wa kuni.

Kila jioni mjukuu wake anamshikia kioo chini ya unyayo, naye anatafuta michubuko mmoja mmoja kwa tochi ya simu. Mwiba wa mkonge ameutupa. Mafuta bado anapaka, maana ngozi ya miguu inakauka ikapasuka. Ni mimi ninayempaka, miguu yote miwili, kutoka kikombe kimoja.

Jana nilipochukua kikombe alinishika mkono kabla sijachovya.

"Humu mna nini?"

"Mafuta ya nazi, mama."

"Na nini?"

"Matupu."

Akaachia mkono, akanyoosha mguu wa kushoto kwanza.